Majina Kumi na Moja ya Mwaka wa Tisini na Sita

Shule ya Sekondari Mkumbulu,
Morogoro.
13 Januari 2025

Kwa Mwalimu Luqmani Yunusi, Tegetero.

Shikamoo, Mwalimu.

Hunifahamu. Naitwa Magreth Jonathan, nafundisha Historia hapa Mkumbulu mwaka wa sita sasa, na tangu mwaka juzi mimi ndiye mtaaluma wa shule, msimamizi wa masomo na mitihani, kazi uliyoifanya wewe kabla sijaanza darasa la kwanza. Wenzangu walinipa namba yako ya simu, nikapiga, akapokea mkeo akaniambia masikio yako hayasikii tena, ila macho bado yanasoma. Akasema nikiandika nimpe Kondo, yule wa pikipiki anayeteremsha ndizi na mdalasini sokoni, nawe utajibu kwa njia hiyo hiyo. Ndivyo ninavyofanya.

Mwezi wa kumi shule inatimiza miaka hamsini. Mkuu wetu wa shule, Madam Filomena, ameniagiza niandike historia ya shule itakayosomwa siku ya jubilei. Ofisini hakuna kitu. Mafaili mengi yaliliwa na mchwa, na mwalimu wa zamani aliyebaki ni wewe peke yako. Nakuomba uniandikie unayoyakumbuka: shule ilianzaje, na hasa mwaka wa 1996, ule mwaka wa ngao. Madam anataka mwaka huo upewe nafasi kubwa.

Samahani kwa kukusumbua.

Wako mtiifu,
Magreth Jonathan


Tegetero,
21 Januari 2025

Binti yangu Mwalimu Magreth,

Marahaba. Barua yako imenifurahisha kuliko unavyodhani. Tangu masikio yafe watu huniamkia kwa mkono tu, kisha huendelea kuzungumza wenyewe kwa wenyewe.

Andika hivi. Shule ilianza mwaka 1975 katika ghala la katani. Mashamba ya mkonge yalikuwa yameanza kulala, ghala likawa tupu, wazazi wakaliomba. Walikuwa wakulima wa pale pale na watu wa viwandani waliokuja kutoka kila mkoa. Walilifagia siku tatu na bado tulikuwa tunakohoa vumbi la katani mwaka mzima. Ukuta wa kutenganisha kidato cha kwanza A na B ulikuwa magunia. Mimi nilikuja mwaka 1981, kijana, na nikifundisha Hisabati upande huu nilisikia Siasa upande wa pili. Madarasa ya matofali tulijenga wenyewe, wanafunzi wakibeba mawe kutoka mtoni kila Ijumaa.

Kwa miaka mingi tuliitwa shule ya ghalani. Mtoto akifaulu vizuri alipelekwa kwingine, sisi tukaletewa waliobaki. Ndipo mwaka 1996 Mkuu wetu, marehemu Mwalimu Athanas, akasema mwaka huu hakuna sifuri, hakuna wa kufeli mtihani wa kidato cha nne. Tulifundisha asubuhi, tukafundisha jioni, tukafundisha Jumamosi. Matokeo yalipotoka tulikuwa wa kwanza mkoani, tukapewa ngao, na hakuna hata mtoto mmoja aliyepata sifuri. Watu walicheza ngoma kuanzia njia panda mpaka shuleni. Ngao bila shaka bado ipo ofisini.

Hayo yanatosha kwa jubilei. Ukitaka majina ya wajenzi wa kwanza nitakuandikia.

Wasalaam,
Luqmani Yunusi


Mkumbulu,
27 Januari 2025

Mwalimu, shikamoo.

Asante sana. Nimeisoma barua yako kwa walimu wenzangu wakati wa chai, wakacheka kwenye magunia.

Ngao ipo. Nilipokuwa naitafutia picha nikafungua kabati lililo chini yake, nikakuta daftari la mahudhurio la kidato cha nne, 1996. Lina majina tisini na manane. Kumi na moja yamepigwa mstari wa wino mwekundu, kwa rula, mwezi wa tatu. Pembeni hakuna neno, si amehama wala amefukuzwa. Mwandiko wa daftari lote unafanana na wa barua yako.

Nimehesabu waliofanya mtihani kwenye ubao wa matokeo. Ni themanini na saba.

Mwalimu, hao kumi na mmoja walikwenda wapi? Nauliza kwa sababu ya historia.

Magreth Jonathan


Tegetero,
3 Februari 2025

Mwalimu Magreth,

Wazazi wao walihama. Wakati ule kazi zilikuwa zinapungua mjini, watu wakirudi kwao, na watoto waliondoka nao. Wengine, kama sikosei, waliamua kufanya mtihani kama watahiniwa wa kujitegemea mahali pengine. Yalikuwa maamuzi ya Mwalimu Athanas na wazazi. Marehemu amelala, tumwache apumzike.

Sioni kama habari hiyo ina faida kwa jubilei. Nimekuandikia majina ya wajenzi wa kwanza, yako nyuma ya karatasi hii.

L. Yunusi


Kisaki,
14 Februari 2025

Kwa Mwalimu Magreth,

Salamu. Barua yako nimepewa na dereva wa basi. Umesema habari zangu umezipata kwa Scholastika, mpishi wenu. Nilisoma naye, ni kweli. Umeuliza kwa nini nilikatwa daftarini na kama nilihama. Sikuhama. Nilikuwa nakaa mwendo wa dakika kumi kutoka shuleni, nyumbani kwa mjomba wangu, na mjomba wangu ndiye Mwalimu Luqmani.

Mama alinikabidhi kwake nikiwa na miaka kumi na mitatu. Kwetu Uluguruni mjomba ndiye mwenye sauti juu ya mtoto wa dada yake, kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu. Alinifundisha Hisabati mezani kwake na chai ya mdalasini. Hakuwa mkali. Mwezi wa pili, 1996, alinipa fomu ya mtihani nikaijaza pale pale mezani, akaisoma, akasema mwandiko wangu umekuwa mzuri.

Mwezi wa tatu wakaondolewa watoto kumi waliofeli mtihani wa mchujo. Waliitwa na wazazi wao, wakaambiwa wakajitegemee. Walilia, wakaondoka. Mimi niliwahurumia. Sikuitwa, nikaamini nimefaulu. Niliendelea kuingia darasani mpaka mwezi wa kumi, nimekaa dawati la pili, nasoma na wenzangu, nakaa na mjomba usiku na mchana nyumba moja.

Wiki mbili kabla ya mtihani zikabandikwa namba kwenye ubao. Nikatafuta yangu. Nikaanza juu tena. Scholastika akanisaidia kutafuta. Nikadhani wamekosea, nikakimbia ofisini kwa mjomba kumwambia kuna makosa. Alikuwa anaandika. Hakuinua uso. Akasema, "Mwakani, Mwanvita. Mwakani nitakuingiza."

Hapo ndipo nilipojua kwamba alijua.

Mama alikuja kunichukua wiki ile. Mwakani haikuwepo, mama aliumwa, mimi nikaolewa huku Kisaki. Nauza mchele na mafuta stesheni siku za treni. Nina watoto wanne na wote wamefika kidato cha nne; fomu zao nilizisindikiza mwenyewe mpaka nikaona namba kwa macho yangu.

Ameniandikia mara tatu katika miaka hii. Sijajibu. Hakuna barua iliyosema kwa nini. Zote zinauliza afya.

Mwanvita Abdulmajid


Mkumbulu,
18 Februari 2025

Mwalimu Luqmani,

Naambatisha nakala ya barua ya Mwanvita. Nilimwomba ruhusa kabla ya kukuletea, akasema fanya unavyotaka.

Nilipoipokea nilikasirika, nikaanza kukuandikia maneno makali. Kurasa mbili. Nimezichana, kwa sababu sina haki nayo, na sasa nitakuambia kwa nini.

Mwezi wa kwanza tuliwapa wanaoingia kidato cha nne mtihani wa mchujo. Ishirini na watatu wamepata chini ya wastani tuliopanga. Madam Filomena anataka mwaka wa jubilei ufanane na 1996. Ameniagiza niwaondoe kabla ya usajili wa mtihani kufungwa tarehe 28: warudie kidato cha tatu au wakajitegemee. Nilipositasita akanionyesha ngao. Alisema, "Walifanya hivyo na shule ikaheshimika, na hao watoto walifaulu huko walikokwenda." Ndiyo sababu nilikuuliza kuhusu kumi na mmoja. Sikuuliza kwa ajili ya historia. Nilitaka uniambie kwamba walifaulu.

Na kuna zaidi. Nimeshawaita wazazi kumi na wanne. Nimewaandalia karatasi inayosema wanakubali kwa hiari yao. Wametia saini mbele yangu. Mama yake Furaha alitia dole gumba. Furaha anakaa bondeni huko chini ya shule, mama yake ana ugonjwa wa miguu, yeye ndiye anayepika na kuchota maji kabla ya kuja darasani, kwa hiyo kila siku anafika kipindi cha pili. Mama aliniuliza, "Kwa hiyo mwalimu unasema hivi ndivyo vizuri kwa mtoto?" Nikasema ndiyo, mama.

Karatasi ziko kwenye droo yangu. Zimebaki siku kumi. Niambie walikwenda wapi, Mwalimu. Safari hii nauliza kweli.

Magreth


Tegetero,
1 Machi 2025

Mwanangu Magreth,

Barua yako ilikaa kwa Kondo siku sita. Mvua imeporomosha udongo juu ya barabara na pikipiki haikupita. Najua kwamba tarehe 28 ilikuwa jana. Nakuandikia hata hivyo.

Walikokwenda sijui. Hilo ndilo jibu. Kati ya kumi na mmoja nilipata habari za wawili tu. Hakuna aliyefuatilia. Tulishika ngao, tukacheza ngoma.

Mwalimu Athanas alisema waharibifu wa matokeo waondolewe, lakini mstari wa kufaulu niliuweka mimi. Mimi ndiye niliyesema alama thelathini. Kumi walikuwa chini ya thelathini. Tulipowaita wazazi, baba mmoja akasimama akasema, mbona katika orodha hii hakuna mtoto wa mwalimu hata mmoja? Wengine wakaitikia. Kikao kikawa kinaelekea kuvunjika, na mzee huyo alisema atakwenda kwa mkuu wa wilaya.

Mwanvita alikuwa na thelathini na nne. Nilichukua kalamu mbele yao nikaongeza jina lake. Nikasema, huyu ni mpwa wangu, ninayemlea mwenyewe, naye nimemtoa. Yule mzee akakaa. Wengine walinipa mkono wakati wa kutoka, wakasema mimi ni mtu wa haki.

Nikaenda nyumbani nikamkuta anapika. Nilisema moyoni nitamwambia baada ya chakula. Kisha nikasema nitamwambia Jumapili. Kisha miezi saba ikapita. Kila asubuhi alinitangulia njiani kwenda shule amebeba madaftari yangu. Nilifikiri huenda Mwalimu Athanas ataugua, au mtihani utaahirishwa, au litatokea jambo lolote ambalo halitakuwa mimi.

Dada yangu alimchukua mtoto wake na hakunisemesha mpaka alipozikwa. Kwetu mjomba ndiye anayekwenda kumsemea mpwa mbele za watu. Mimi nilimsema mbele za watu, ndiyo, nikampoteza hapo hapo.

Ipige mstari ile barua yangu ya kwanza. Usiisome jubilei. Na kama tayari umewaondoa wale watoto, usiniandikie kunieleza sababu zako. Nenda ukawaambie wao, leo, kabla hujapata Jumapili ya kungojea.

Nitakwenda Kisaki barabara ikifunguka.

Luqmani


Mkumbulu,
9 Machi 2025

Mwalimu wangu, shikamoo.

Barua yako imefika kwa kuchelewa, lakini ya Mwanvita ilikuwa imetangulia.

Tarehe 27 nilibaki ofisini baada ya wengine kwenda kula. Namba ya siri ya mfumo wa usajili ninayo mimi. Nikawaingiza wote ishirini na watatu, mmoja mmoja, nikahakiki majina na vyeti vyao vya kuzaliwa, nikatuma. Halafu nikachukua zile karatasi kumi na nne nikampelekea Madam Filomena, nikamwambia nilichokifanya.

Hakunifokea. Aliuliza kama usajili unaweza kufutwa, nikasema hauwezi. Akasema, "Umejionea huruma wewe mwenyewe, Magreth. Shule hii ikianguka, mwakani tutaletewa watoto wabovu zaidi, na hao nani atawafundisha?" Nimelifikiria neno hilo kila siku. Si mtu mbaya. Ana madarasa ya watoto themanini na walimu wawili wa Hisabati.

Juzi nilikabidhi utaaluma. Siku hiyo hiyo nikapata barua ya uhamisho, nahamia Malinyi. Inasema ni kwa mahitaji ya kazi. Historia ya shule amepewa mwalimu mwingine aiandike.

Nilikwenda kwa mama yake Furaha kumrudishia karatasi yenye dole gumba lake. Hakuelewa vizuri ninachomrudishia. Alidhani nimekuja kumwambia mtoto amefukuzwa.

Nimeacha daftari la 1996 kwa Scholastika jikoni. Uamue wewe la kufanya nalo.

Magreth


Kisaki,
15 Oktoba 2025

Mwalimu Magreth,

Habari za huko Malinyi. Umeniuliza kuhusu jubilei, na Scholastika amekuambia maneno nusunusu. Nakueleza yote, kwa kuwa wewe ndiye uliyeyaanzisha.

Mjomba alikuja Kisaki mwezi wa nne, kama alivyokuambia. Alifika amelowa, na kofia mkononi. Nilimpa maji, nikampa chakula, akalala siku mbili. Hatukuzungumza. Masikio yake yanataka mtu apige kelele, na mimi nina mambo ambayo siwezi kuyapigia kelele majirani wakasikia. Alipoondoka akaacha karatasi chini ya sahani. Aliandika yale yale aliyokuandikia wewe, la thelathini na nne pamoja nalo. Nilikuwa sijui kwamba nilipata thelathini na nne. Miaka ishirini na tisa nilidhani labda nilifeli na yeye alinificha kwa huruma. Nilikaa na ile karatasi mpaka treni ikapita na sikuuza kitu.

Kisha nikasikia amealikwa jubilei, atakaa meza kuu. Sikumwambia nitakwenda. Nilipanda basi la Ijumaa nikalala kwa Scholastika.

Siku ya Jumamosi watu walijaa. Mahema, kwaya, ngao imewekwa juu ya kitambaa cha bluu. Walisoma historia, magunia na mawe ya mtoni, na ule mwaka wa 1996, watu wakapiga makofi. Ndipo wakamwita mjomba aseme maneno machache. Akapanda na lile daftari. Hakusalimu. Akaanza tu kusoma majina, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia: Jina la kwanza. La pili. La tatu.

Mshereheshaji akadhani ni majina ya marehemu. Alichukua kipaza sauti kingine akasema tusimame tuwakumbuke wenzetu waliotangulia. Umati wote ukasimama. Kina mama wakainamisha vichwa. Mjomba hakusikia. Aliinua macho akaona watu wote wamesimama. Nadhani alifikiri wanaondoka kwa hasira. Lakini aliendelea. La saba, Mwanvita Abdulmajid.

Nilikuwa nimesimama nyuma karibu na jiko, naombolezewa.

Sijui miguu ilinipelekaje mbele. Mshereheshaji alinyoosha mkono kunizuia, nikamwambia niache, huyo ni mimi. Akanipa kipaza sauti. Nilikuwa na hotuba nzima kichwani, ya miaka ishirini na tisa, nikaikosa. Nikasema, "Kaeni. Hawa hawajafa. Mimi ni Mwanvita. Tulitolewa kwenye mtihani ili mpate ngao hiyo, na mimi nilikuwa nimefaulu."

Watu hawakukaa wala hawakuendelea kusimama. Walibaki hivyo, wameinama nusu. Kisha katikati ya mahema akanyoosha mkono mwanamume mmoja, Frank, sasa ni fundi bomba pale mjini. Akasema, "Na mimi nipo. Wa pili." Mke wake alikuwa pembeni yake anamtazama; Frank hakuwa amewahi kumwambia.

Madam Filomena alikaa ameangalia meza. Baada ya muda akaagiza kwaya iimbe. Ndivyo ilivyoisha. Chakula kikagawiwa.

Mjomba aliniuliza nimesema nini pale. Aliuliza mara mbili, mkono sikioni. Nikachukua kalamu mfukoni mwake niandike, nikaona siwezi kuandika yale niliyoyasema mbele ya uso ule. Niliandika: Nimewaambia jina langu. Akasoma, akaomba radhi kwa mdomo, mbele ya wale waliokuwa wanapanga foleni ya pilau. Nilimsikia. Bado sijajua nitajibu nini. Nilimshika mkono tukashuka jukwaani, kwa sababu ngazi zilikuwa mbovu.

Mwanvita


Malinyi,
8 Februari 2026

Mwanvita, dada yangu,

Habari za huko. Matokeo yametoka na najua utakuwa unangoja kusikia, pamoja na Mwalimu Luqmani. Tafadhali mwandikie yaliyomo humu, maana Kondo simpati nikiwa huku.

Mkumbulu imeshuka. Sifuri kumi na nne, zaidi ya mwaka wowote wa karibuni. Kumi na mbili kati ya hizo ni za wale ishirini na watatu wangu. Kumi na mmoja waliobaki wamepata vyeti, wengi daraja la nne, na mmoja, ambaye hata mimi sikumtegemea, daraja la tatu. Mwalimu mwenzangu wa zamani alinitumia orodha bila salamu. Chini aliandika tu: hongera. Nimeisoma hongera hiyo kwa namna zote na bado sijui alimaanisha ipi.

Sikulala vizuri. Nilihesabu kumi na mmoja nikafurahi, nikahesabu kumi na wawili nikajiuliza kama Madam alikuwa na haki. Labda mwaka mmoja zaidi wa kidato cha tatu ungewasaidia wengine. Sitajua kamwe, na wao hawatajua.

Furaha ni mmoja wa wale kumi na wawili. Jana alinipigia kwa simu ya jirani. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumfariji. Hakunipa nafasi. Alinisomea masomo yake yote, moja moja, F na F, na D moja ya Kiswahili, taratibu, kama mtu anayesoma barua aliyoandikiwa yeye. Nilipoanza kusema pole akanikatiza.

"Nimepata sifuri, mwalimu," akasema. "Lakini nimeifanya mwenyewe."

Kisha akaniuliza fomu za kurudia mtihani zinatoka lini, na kama namba zao, yeye na wenzake, nitazikagua mimi.

Wako,
Magreth